Mama Nyavu na Kichwa cha Mdogo Wake

Wifi yangu wanamwita Mama Nyavu, na katika maisha yake hajawahi kumshika samaki isipokuwa yule aliyekwisha kukaangwa. Jina hilo alipewa na manesi wa hospitali anakofanya kazi. Kila ukimkuta mezani kwake, utaona kwenye kioo cha kompyuta kichwa cha mtu kilichofumwa chote kwa nyuzi nyembamba, utadhani kimenaswa. Kichwa chenyewe ni cha mgonjwa halisi, kimetolewa kwenye picha zake. Wifi anapanda uvimbe ndani ya hicho cha kuigiza, anaukuza kidogo kidogo, kisha anatazama unavyosukuma kila kilicho jirani nao.

Mimi ni mke wa mdogo wake, kwa hiyo nina haki ya kumtania, na haki hiyo siiachi ilale. Nilipoolewa nilimuuliza ni ajira gani hiyo ya kuwakuzia watu magonjwa. Hakucheka. Tulikuwa tumekaa kwenye benchi nje ya wodi, watu sita kwenye benchi la watu watano, akaniuliza: akija mtu mnene sasa hivi akajipenyeza hapa katikati, ataumia nani? Nikasema ataumia aliye pembeni yake. Akasema hapana, ataumia wa mwisho, maana ndiye atakayekwenda chini.

Hapo ndipo nilipoielewa kazi yake. Uvimbe unaweza kukua huku na kinachoumia kikawa kule. Ubongo ni laini na fuvu ni gumu, na aliyemo ndani hana pa kusogea isipokuwa kumbana mwenzake. Sehemu iliyoliwa na uvimbe imekwisha kwenda, lakini iliyosukumwa bado ni nzima, ila imehama. Mpasuaji asiyejua imehamia wapi ataikata akidhani ni njia. Wifi hachoki kurudia kwamba kusukumwa si kuliwa, na ukimwacha atakuambia hivyo hata wakati wa kula.

Zamani alikuwa anahesabu madaraja. Alisomea namna mihimili inavyopinda chini ya magari, akafanya kazi hiyo miaka mingi, kisha akahamia kwenye vichwa. Anasema hesabu ni ileile, tofauti ni kwamba daraja halina ndugu wanaosubiri koridoni. Chumba chake kilikuwa stoo ya picha za eksirei. Kina dirisha moja linalotazama kamba za kuanikia mashuka ya wodi, kompyuta mbili, na feni iliyoelekezwa kwenye kompyuta badala ya mtu. Kalamu zake zote zimetafunwa ncha. Nyumbani ni mtu mpole, anaweza kukoroga chai mpaka ipoe, lakini ukimtembelea pale kazini utamkuta amekunja uso na hataki kuulizwa kitu.

Mume wangu naye wanamwita Kufuli. Ni fundi wa kufuli na vitasa, na mdomo wake pia una komeo. Wanasema kimya kingi kina mshindo mkuu, nami tangu niolewe nilikuwa nausubiri huo mshindo. Mtu akimsalimia anajibu kwa nyusi. Siku mtoto wetu wa kwanza alipozaliwa alisimama mlangoni, akamtazama, akasema, "Haya." Nilimnunia juma zima, mpaka dada yake akaja kuniambia kwamba kwa Kufuli hiyo ilikuwa hotuba.

Kama kuna kitu kimoja kinachomfungua mdomo ni kosa. Ukisema neno lisilo sahihi kuhusu kazi yake, hawezi kulivumilia, lazima alirekebishe, halafu anarudi kimya kwake. Hivyo ndivyo tulivyoishi, mimi nikikosea makusudi ili nisikie sauti ya mume wangu.

Maumivu ya kichwa aliyaficha, na mficha maradhi kifo humuumbua. Nilijua siku nilipompelekea chakula dukani. Alikuwa na mteja mbele yake, ameshika ufunguo mkononi, akawa anasema, "Hiki... hiki... hiki." Jasho lilimtoka. Mtu aliyechonga funguo ujana wake wote alikuwa amepoteza neno ufunguo. Nilifunga duka mimi mwenyewe nikampeleka hospitali kwa dada yake, naye alitutazama tu akabeba mkoba wangu.

Uvimbe ulikuwa upande wa kushoto, juu ya sikio, ukubwa wa ndimu. Ulikuwa umekaa jirani na sehemu ambayo mtu anasemea. Daktari wa upasuaji, tunayemwita Taratibu kwa sababu neno hilo haliishi kinywani mwake, alitueleza bila kuficha. Akiuacha, utambana mgonjwa mpaka asiamke. Akiutoa vibaya, mgonjwa atabaki hai bila maneno. Watu wengine wangeona mume wangu hana cha kupoteza. Mimi nilirudi nyumbani nikalia jikoni, maana yale machache ndiyo niliyokuwa nayo.

Hospitali yetu haina ile mashine ya kuonyesha ubongo unapozungumza. Ina Mama Nyavu. Kanuni inasema mtu asihesabu kichwa cha ndugu yake, lakini pale hakuna mwingine anayefuma nyavu, kwa hiyo kanuni ilikosa wa kuifuata. Jumatatu wifi alimkabidhi Taratibu picha yake. Ilionyesha kwamba uvimbe umeisukuma sehemu ya kusemea nyuma na ndani, mbali na njia ya kisu. Taratibu, ambaye miaka ya nyuma alikuwa akisema yeye anapasua watu hapasui picha, safari hii aliitazama sana, akaridhika. Akasema atampasua Alhamisi, akiwa amelazwa usingizi kabisa.

Na njia ilikuwa tayari. Kufuli alipokuwa kijana anajifunza kazi, nondo ya mlango wa duka ilimwangukia. Madaktari wa wakati ule walimtoa vipande vya mfupa vilivyovunjika juu ya sikio la kushoto na hawakurudisha kitu. Ngozi ikapona, pakabaki mahali palaini, upana wa kizibo cha soda. Taratibu alisema atapita hapohapo, atapanua tu. Nilifurahi. Niliona Mungu alimtengenezea mume wangu mlango mapema.

Jumatano asubuhi nesi alikuja na wembe kumnyoa, Kufuli akakataa kwa mkono. Tangu tuoane anayemnyoa ni mimi. Najua kichwa kile kama ninavyojua sakafu ya nyumba yangu gizani, na pale palaini napaita bondeni, kwa sababu wembe unashuka. Basi nikampaka sabuni, nikaanza nyuma, nikaja juu ya sikio, nikainua mkono kidogo ili nishuke. Wembe haukushuka, ulipanda. Nikagusa kwa kidole. Palikuwa pametuna, ngozi imevutika, pana joto. Nilimaliza kumnyoa bila kusema kitu ili nisimtie hofu.

Wifi nilimkuta koridoni na kikombe chake. Nikamwambia kwa utani, maana sisi hatujui kuambiana mambo kwa njia nyingine, kwamba bonde la ndugu yake limeota kilima. Akatabasamu. Kisha tabasamu likamkauka. Aliweka kikombe kwenye dirisha, akaondoka karibu mbio, nami nikamfuata mpaka chumbani kwake.

Alifungua kichwa cha mume wangu kwenye kioo. Akakigeuza taratibu mpaka upande wa kushoto ukatukabili. Fuvu lilikuwa zima, laini kama yai, halina hata mkwaruzo. Alilitazama, akavua miwani, akaivaa tena.

"Nimeliziba," alisema.

Nieleze kosa lenyewe, kwa sababu nje ya chumba kile sidhani kama kuna mtu angeweza kulifanya. Picha za kichwa huja na uchafu: kivuli hapa, pale tundu ambalo si tundu, ni mashine tu iliyoshindwa kuusoma mfupa mwembamba. Fuvu lenye tundu haliendi kwenye hesabu, kompyuta inagoma. Kwa hiyo hatua ya kwanza kabisa, kabla ya yote, ni kuiambia programu izibe matundu. Amefanya hivyo kwa kila kichwa kilichopita mezani kwake na hakuna fuvu lililowahi kulalamika. Mazoea yana taabu. Wahenga walituonya kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta, naye wifi yangu aliziba ufa, ukuta ukajijenga wenyewe mahali ambapo mume wangu hana mfupa. Daktari alijua kuna tundu. Mimi nilijua. Wifi ndiye aliyekuwa amemshika mkono Kufuli siku ile ya nondo, alijua kuliko sote. Aliyekuwa hajui ni kompyuta peke yake, na hakuna aliyeona haja ya kuiambia.

Ndani ya fuvu lililozibwa, uvimbe ulisukuma kila kitu ndani. Lakini kichwa cha kweli kilikuwa na pa kutokea, na kitu kilichobanwa hukimbilia penye upenyo. Niliuliza sehemu ya kusemea iko wapi sasa. Akaweka kidole kwenye kioo, palepale juu ya sikio, akasema hana hakika, lakini kama imefuata msukumo, basi iko nyuma ya ule mlango ambao Taratibu anataka kuufungua kwanza.

Nikamwambia aende akaseme sasa hivi. Akakataa. Akasema akienda mikono mitupu, Taratibu atatupa picha zote na kupasua kwa macho, na kwa macho atapita palepale. Lazima kwanza ahesabu upya. Kikao cha kupanga upasuaji wa kesho kilikuwa saa kumi. Kuahirisha nako hakukuwezekana, kwani Kufuli alikuwa ameanza kutapika na kulala mchana, na Taratibu alishasema hatavuka juma.

Nilipandisha hasira. Nilimwambia hayo mambo ya kuogopa kuonekana amekosea ayaweke kando, kichwa kile ni cha mume wangu.

Akageuka akanitazama. "Kilikuwa cha mdogo wangu kabla hakijawa cha mume wako," alisema. "Kaa chini, wifi. Au nenda kakae naye."

Nilikaa juu ya katoni la karatasi. Alifungua tundu, akaanza kuukuza uvimbe upya. Ukakua kidogo, na nyama ya ubongo kwenye kioo ikaanza kusogea kuelekea upenyo. Kisha ikasimama, na mstari mwekundu ukatokea. Alinieleza huku vidole vikifanya kazi kwamba vipande vya wavu vilivyo ukingoni mwa tundu vinabanwa sana, mpaka kimoja kinajipindua ndani nje kama soksi, na kompyuta haiwezi kuhesabu kitu kilichojipindua. Akafuma upya wavu wa mahali pale, vipande vidogo zaidi. Ukafika mbali kidogo, ukasimama tena. Akafuma tena. Nje ya dirisha mtu wa kufulia alikuja akatoa mashuka makavu, akaanika mengine mabichi.

Nilimchukia wifi yangu mchana ule, nasema kweli. Nilimwonea huruma vilevile. Kila mstari mwekundu ulipotokea nilitaka kuing'oa ile kompyuta ukutani. Yeye alitafuna kalamu mpaka wino ukamtoka mdomoni, nikampa leso, akajifuta bila kuacha kutazama kioo.

Saa kumi ilipokaribia, uvimbe wake wa kuigiza ulikuwa haujafika ukubwa wa ndimu. Ulikuwa umefika robo tatu hivi ukasimama, na safari hii hakukuwa na muda wa kufuma tena. Lakini mwelekeo ulionekana. Sehemu ya kusemea, ambayo ameipaka rangi ya njano, ilikuwa imesogea nje na mbele, ikajikusanya chini ya tundu. Alichapisha picha hiyo ambayo haijakamilika, akanyoosha blauzi, akaniambia niende naye.

Taratibu alikuwa na wenzake wawili na picha ya Jumatatu imebandikwa kwenye taa ya ukutani ya kusomea picha. Wifi hakuzunguka. Alisema picha ile ni ya uongo, na aliyeutunga uongo huo ni yeye, akaeleza la tundu. Nilimwona daktari akifunga macho. Hakufoka. Aliuliza hii ya pili ameimaliza, wifi akasema hapana. Akauliza kwa nini basi aiamini.

"Usiiamini," wifi alisema. "Wala mimi usiniamini. Mpasue akiwa macho, azungumze, umguse pole pole uone maneno yako wapi. Picha yangu ikuonyeshe tu pa kuanza kuogopa."

Taratibu alisema amewahi kufanya hivyo, anajua namna: fuvu linafunguliwa kwa ganzi, mgonjwa anaulizwa maneno, na ncha yenye umeme mdogo inagusa ubongo hapa na pale. Inapogusa sehemu ya kusemea, maneno yanakatika, mpasuaji anajua hapo si pa kukata. Lakini huyu mgonjwa, alisema, alipopimwa wiki iliyopita aliulizwa mambo thelathini akajibu matatu, akageukia ukutani. Atajuaje kama amemgusa pabaya au mtu amechoka tu na maswali?

Hapo ndipo wifi, ambaye kwa miaka yote hakuwahi kukiri kwamba namshinda kwa lolote isipokuwa kelele, alinishika bega. "Huyu hapa," alisema. "Ukimya wa Kufuli anaujua huyu."

Alhamisi walinivalisha kofia, barakoa na gauni la kijani linaloburuta. Waliniketisha kwenye kigoda chini ya shuka lililotandazwa kama hema, uso kwa uso na mume wangu, aliyelazwa ubavu na kichwa kimebanwa kisitikisike. Upande wa pili wa shuka sikuuona na sikutaka kuuona. Nilisikia sauti ya msumeno mdogo, kisha maji, kisha Taratibu akisema neno lake. Wifi alikuwa amesimama kwenye kona mbele ya kioo chenye ile picha ya njano. Niliviona viatu vyake tu.

Kufuli alinitazama. Ganzi ilikuwa imemlegeza shavu.

Nikaanza. Nilimwambia kwamba nimesikia kufuli la shaba linaota kutu kuliko la chuma. Alikunja uso.

"Shaba haioti kutu."

Nikasema ufunguo ukikwama kwenye kitasa, dawa yake ni mafuta ya kupikia. Akavuta pumzi ya kuchoka nami. "Unga wa penseli." Nikasema mtu akipoteza ufunguo avunje mlango, kwani fundi ana kazi gani. "Unavunja wewe," alisema, na nikamsikia nesi akicheka ndani ya barakoa.

Tukaenda hivyo. Sijawahi kusema upuuzi mwingi kiasi kile kwa mpigo, na mimi si mtu wa maneno machache. Nikasema komeo na bawaba ni kitu kimoja. Akafungua mdomo kunirekebisha, na neno halikutoka. Midomo ilitengeneza umbo lake, macho yakawa yanalitafuta kwenye shuka, kwangu, kwenye shuka tena. Niliyajua macho yale kutoka dukani.

"Ukimya huu si wake," nilisema.

Taratibu akainua ncha. Neno likatoka palepale, bawaba, kwa hasira. Wakaweka kikaratasi kidogo mahali walipogusa, na daktari akamuuliza wifi kwenye picha yake hapo ni wapi. Akajibu kwamba ni ukingoni mwa njano, chini ya tundu, upande wa mbele. Sauti yake haikuwa na furaha yoyote. Sote tulielewa kwamba hapo ndipo kisu kingeanzia, mgonjwa akiwa usingizini, kwa kuiamini picha ya Jumatatu. Niliona kiatu kimoja cha wifi kikirudi nyuma hatua, kikaegemea ukuta.

Wakazunguka. Waliingilia uvimbe kwa chini, mbali na vile vikaratasi, wakautoa kipande kwa kipande. Kufuli alinirekebisha mpaka sauti ikamkauka, nami nikamlowesha midomo kwa pamba. Kisha Taratibu akasema kimebaki kipande cha mwisho, kimejificha nyuma ya kikaratasi cha kwanza. Akamuuliza wifi hapo pana nini. Wifi alisema wavu wake haukufika hapo, hesabu ilisimama kabla. Hawezi kusema kama pamesukumwa au pameliwa.

Nikasikia daktari akianza. Nikamwambia mume wangu kwamba kitasa cha mlango wetu wa nyuma ni kibovu kwa sababu alikifunga kichwa chini miguu juu. Ni uongo ambao siku nyingine ungemwamsha usingizini. Alinitazama. Hakusema kitu. Midomo haikutikisika, macho hayakutafuta neno. Alinitazama tu, kama anavyonitazama kila siku nikizidisha maneno, au labda sivyo.

"Mama," Taratibu aliniita kutoka upande wa pili. "Huo ni wake?"

Nimeishi na ukimya wa mtu yule nikaujua wa njaa, wa hasira, wa kusali na wa kuficha. Ule sikuujua. Viatu vya wifi vilikuwa vimeelekea kwangu. Nilitaka mtu yeyote mwingine ajibu.

"Simama," nilisema.

Akasimama. Tulisubiri. Kufuli akameza mate, akasema kwa sauti ya kukwaruza, "Nilikuwa nafikiri." Lakini neno hilo lilitoka baada ya mkono kuinuliwa, na hakuna awezaye kuniambia lingetoka kama usingeinuliwa. Taratibu alikiacha kile kipande, ukubwa wa punje ya haragwe, akafunga.

Mume wangu yupo dukani kwake. Anachonga funguo, anajibu salamu kwa nyusi, na funguo anaziita kwa jina. Hadi leo sijui kama nilimwokolea maneno au nilimwachia mbegu. Taratibu anasema nilifanya sawa. Hilo ni neno la mtu mwema na halinipi usingizi.

Juzi Kufuli alipigwa picha mpya. Siku hizi hesabu ya wifi inaweza kwenda mbele: anaupa uvimbe mwaka, miaka miwili, anaona utakavyokua, utambana nani, atasogea wapi. Ile sehemu iliyomshinda kwenye wavu alishaimaliza, na alipoilinganisha na yaliyoonekana siku ya upasuaji vilikubaliana. Kwa hiyo Jumapili alipokuja kwetu na mkoba wa kompyuta nilijua ana kichwa cha mume wangu ndani. Alikula, akaosha sahani ambazo si zamu yake, akawafundisha watoto hesabu zao. Mkoba haukufunguliwa. Nilipobaki naye mezani nilimuuliza kama ameshalikuza lile haragwe.

Akasema bado.

Nikamuuliza anangoja nini, kwani picha anazo na wavu anao.

Alizungusha kikombe chake. "Kukosea nimeshakuzoea, wifi," alisema. "Safari hii naogopa kupatia."

Kufuli alikuwa sebuleni na kitasa cha jirani alichokifungua juu ya gazeti, na nilidhani yeye hatusikii. Tukasikia bisibisi ikiwekwa chini. Akaja mpaka mlangoni, akaegemea fremu, akamtazama dada yake.

"Hesabu, dada," alisema. "Nataka kujua."

Kisha akavuta kiti akaketi kati yetu, jambo ambalo huwa halifanyi. Wifi alinitazama, nami nikaanza kuondoa vikombe ili apate nafasi ya kuweka kompyuta.